Mguu wa Kushoto wa Mwalimu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba damu haiendi mahali isipoitwa alikuwa mwalimu wetu wa Baiolojia, na siku aliposema hivyo alikuwa ameshika yai la kuku alilolitoboa dirisha. Darasa zima tulicheka. Yeye hakucheka. Alingoja tumalize, akasema, "Haya, mje mmoja mmoja mwangalie. Na anayetaka kucheka acheke pembeni, asimpulizie mtoto baridi."

Mtoto mwenyewe alikuwa kifaranga ambaye bado hajawa kifaranga. Alikuwa kidoa chekundu kinachodunda, na kutoka kwenye kidoa kile mishipa ilikuwa imetambaa pande zote, myembamba, kama mizizi ya mche wa mahindi ukiung'oa kwenye udongo laini. Nilipofika zamu yangu nilisahau kucheka. Nilisahau hata kurudi kwenye dawati mpaka wenzangu wakanivuta sketi.

Nitamwita Mwalimu tu, maana hapa Songea ndivyo alivyoitwa, kuanzia watoto wa Mshangano alikokuwa anakaa hadi wenye maduka wa Majengo ninakoshonea mimi. Nataka kumweleza hasa kwa sababu ya mguu wake wa kushoto. Mguu ule ulitaka kumuua. Na katika watu wote wa mji huu yeye ndiye aliyejua vizuri zaidi kwa nini, na yeye ndiye aliyechelewa zaidi kukubali.

Alikuwa mrefu, mwenye mabega yaliyoinamia mbele kama mtu anayetafuta kitu chini. Mfukoni alikuwa na tochi mchana kweupe, ya kumulikia mayai. Akikutana na mtu anayeuza mayai sokoni, alikuwa akiliinua moja, analimulika, kisha anasema, "Hili lina mtu," au "Hili halina mtu," analirudisha kwenye trei. Wauzaji walimchukia kidogo na kumpenda kidogo. Wateja waliokuwa wamesikia "lina mtu" hawakununua tena.

Aliwahi kusoma ng'ambo, nchi ya baridi, enzi zile serikali ilipokuwa ikipeleka vijana huko. Kazi yake kule, kwa maelezo yake, ilikuwa kukaa kwenye chumba chenye joto akiangalia mayai. Kwao waliuliza kijana wao amekwenda kusomea nini. Walipojibiwa kuwa ni mayai, hakuna aliyeuliza tena.

Somo lake kubwa lilikuwa lile la kuitwa. Alilifundisha hata pale ambapo mtaala haukusema lifundishwe.

"Seli ikikosa hewa inapiga kelele," alikuwa akisema. "Mdomo haina, kwa hiyo inatoa kemikali. Kemikali inaelea mpaka kwenye mshipa ulio jirani. Sasa mshipa utasikiaje?"

"Una masikio!" tunajibu, maana tulishazoea.

"Una vipokezi. Vimesimama kwenye ukuta wa seli, nusu nje, nusu ndani. Kemikali ikivishika huku nje, viwili vinasogeleana. Vikishasogeleana, huku ndani kila kimoja kinambandika mwenzake vijipande vya fosfeti mkiani. Ni hapo tu seli inapojua kwamba imeitwa. Bila vile vijipande, piga kelele mpaka kesho, mshipa hauoti." Halafu anamalizia kwa neno lake la siku zote: "Hapo nimedanganya kidogo. Mkikua mtanisahihisha."

Hilo neno alilisema baada ya kila maelezo, hata akikuelekeza njia ya kwenda stendi.

Mimi nilimaliza kidato cha nne, na matokeo yangu yalikuja hayana maneno mengi. Mama akaninunulia cherehani, nikapata kibaraza Majengo, nikaanza kushona. Sikuhuzunika sana. Mimi ni mtu wa kuota mchana, na miaka ile kulikuwa na mengi ya kuota. Maduka yalikuwa yanafunguliwa kila kona, mitumba ilikuwa inashushwa kwa marobota, na kila robota lilikuwa na gauni moja ambalo nililifumua usiku kichwani mwangu na kulishona upya nikiwa nimelala. Nilijua nitakuwa na duka lenye kioo. Bado najua.

Siku moja Mwalimu akaja kibarazani.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Nishonee seli."

"Ya kulalia?"

"Ya kufundishia. Darasa hili la sasa linaogopa mayai."

Akachukua chaki yangu, akachora kwenye meza. Seli iwe kama mto wa duara. Kuzunguka pembeni kuwe na mifuko midogo yenye mdomo nje, na kila mfuko uwe na utepe unaopenya kitambaa na kuning'inia ndani. Hiyo mifuko ndiyo vipokezi, na utepe ndio mkia. Mwisho wa utepe niweke kishikizo cha kubana. Ukiingiza mpira mdogo kwenye mifuko miwili kwa pamoja, mifuko inavutana, vishikizo vinabanana ndani, na vikibanana vinavuta kamba, na kamba inauchomoa mkono wa nguo kutoka ubavuni. Ule mkono ndio mshipa mpya.

"Na hizi nukta?" niliuliza. Alikuwa amedonoa nukta kwenye midomo ya mifuko.

"Shanga. Hiyo ni sukari."

"Sukari kwenye sikio?"

"Seli yenyewe inaiweka. Inapokitengeneza kipokezi inakipamba kwa vijipande vya sukari, kila kimoja mahali pake, na mapambo yale yanakisaidia kipokezi kusimama vizuri na kukaa pale ukutani kinapotakiwa. Ondoa mapambo, kipokezi kinazama au kinapinda. Usidhani ni urembo tu."

Nilishona seli ile kwa kitenge cha bluu. Mkono ulikataa kutoka mara nyingi, nikafumua, nikashona, na siku ulipochomoza nilipiga kelele mpaka muuza vitumbua wa jirani akaja kuangalia. Mwalimu aliichukua kama mtu anayepokea mtoto mchanga.

Darasani, nilisikia baadaye, aliionyesha vizuri siku ya kwanza. Siku ya pili akachemsha sukari ikawa nzito kama asali, akaipaka kwenye midomo ya mifuko ili waone tofauti kati ya sukari ambayo seli imeiweka yenyewe na sukari iliyozidi kwenye damu ikajinatia ovyo. Mpira haukuingia. Mkono haukutoka. Wanafunzi walielewa moja kwa moja. Ila aliisahau seli ofisini wikiendi nzima, na Jumatatu sisimizi walikuwa wamehamia ndani yake na familia zao.

"Fundi," aliniambia akiwa ameibeba kwa vidole viwili, "seli imepata wapangaji."

Huko Mshangano nyumba yake ilipakana na ya Mama Haule, mjane anayeuza togwa, Mngoni hasa. Mwalimu alikuwa Mbena. Kwa asiyejua, Wangoni na Wabena ni watani tangu babu zao walipopigana vita wakachoka. Mtani anakutukana hadharani unacheka. Anaingia kwako anachukua kitu na huna la kusema. Ukipata msiba yeye ndiye anayechimba kaburi, na anachimba huku anamsema marehemu. Mama Haule alikuwa na ulimi kuliko watani wote ninaowajua.

"Kamwene, Mbena!" anaita kutoka ng'ambo ya ukuta, kwa salamu ya Kibena. "Umeamka au kuku ndio wamekuamsha?"

"Nimeamshwa na sauti yako, Mama Haule. Kuku bado wamelala."

Ni yeye aliyeyaona maganda. Mwalimu alikuwa na kasha la mbao chumbani, ndani yake taa ya chemli na kopo la maji, na humo ndimo alimoatamishia mayai ya darasani. Lile lililokufa alilitupa jalalani. Sasa fikiria mwanamke anakwenda kumwaga majivu anakuta ganda la yai limekatwa dirisha la pembe nne kwa wembe, limezibwa kwa plasta, na ndani kuna damu. Alipiga yowe lililofika barabarani. Kabla ya mchana balozi wao wa nyumba kumi alikuwa mlangoni kwa Mwalimu na watu nyuma yake, na neno walilokuwa wanalinong'ona mnalijua.

Mwalimu hakukasirika. Aliwaambia wavue viatu, akawaingiza watatu watatu. Alitoa yai kwenye kasha, akabandua plasta, akamulika.

Balozi aliinama. Akakaa ameinama.

"Hiki kidude kinadunda," alisema.

"Ni moyo."

"Na hivi vyekundu?"

"Njia za damu. Jana hazikuwepo hapa. Leo huku kumeita, zimekuja." Akawaeleza kwamba kule ng'ambo waliweza kudondoshea tone la dawa inayoziba vipokezi, na mishipa ikifika pale inapinda, inapita pembeni kama watu wanavyopita pembeni ya shimo.

Balozi aliinuka akawaambia watu hakuna uchawi, ni shule tu. Baadhi walionekana kusikitika. Mama Haule ndiye aliyebaki amekaa akiangalia lile dirisha.

"Mbena wewe," alisema mwishowe, "umemchungulia mtoto wa mwenzio kabla hajavaa nguo." Akatoka, akakamata jogoo wa Mwalimu uani, akamweka kwapani, akaenda naye kwake. Hiyo ndiyo ilikuwa faini ya utani. Walimla Jumapili, na Mwalimu alikaribishwa paja.

Sasa sukari. Hapa ndipo Mwalimu alipokuwa watu wawili.

Sisi wa umri wangu tunaikumbuka foleni ya duka la ushirika kama ndoto ya utotoni, lakini yeye aliishi ndani yake akiwa mtu mzima. Alikunywa chai ya chumvi miaka ile, maana sukari haikupatikana. Ruksa ilipokuja, biashara zikaachiwa huru, sukari ikajaa madukani, nyeupe na ya kahawia, soda zikapangwa kwenye makreti mpaka nje. Mwalimu aliinywa chai yake nzito kama uji. Alikunywa soda akiwa anatembea. Jioni alipita kwa Mama Haule kunywa togwa, na togwa ile akaiongezea sukari.

"Mwalimu, hiyo si ni ile ile ya kwenye seli?" nilimuuliza siku moja aliponituma soda ya pili.

"Ndiyo hiyo hiyo."

"Sasa?"

"Nilidaiwa uvumilivu miaka mingi, Fundi. Niache na mimi nidai changu."

Kuna hadithi aliwahi kutusimulia darasani ya "bwana mmoja" ambaye kila alipokojoa nyuma ya nyumba sisimizi walikusanyika. Bwana yule, alisema, kwa kuwa alikuwa na akili timamu, alikwenda hospitali akaambiwa ana kisukari. Tuliwacheka sana wale sisimizi. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba bwana yule ni yeye, na kwamba vidonge alivyopewa alivinywa kama mtu anayekwenda kanisani Krismasi na Pasaka tu.

Mkewe hakuwepo kumsimamia. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Namasakata, huko Tunduru, na barabara ile masika ikiingia ni habari ya lori na koleo. Alikuja likizo tu. Likizo zote Mwalimu alikunywa chai isiyo na kitu, akisifu ladha ya majani.

Kidonda kilianza kwa kizibo cha soda. Kiliingia kwenye kiatu chake asubuhi, sijui vipi, labda alikuwa amekiacha kiatu wazi mlangoni. Alitoka nacho Mshangano mpaka shuleni kwa miguu, akafundisha, akarudi nacho. Jioni alipovua soksi ilikuwa imeloa damu, na kizibo kimejichora chini ya kidole gumba na meno yake yote. Hakuwa amesikia kitu.

"Hata kuwasha?" Mama Haule alimuuliza.

"Hata kuwasha."

"Mguu wako umelala, Mbena. Na wewe mwenyewe umelala juu yake."

Alijua maana yake. Ninachotaka kusema ni kwamba alijua. Alinieleza mwenyewe kibarazani, amekaa kwenye kiti cha wateja, mguu ameuweka juu ya robota. Kidonda kinapona kwa kuotesha mishipa mipya. Nyama iliyojeruhiwa inapiga kelele kama lile yai, na mishipa ya jirani inatakiwa kusikia. Lakini sukari iliyozidi miaka mingi inanata kwenye protini za mwili, vipokezi vikiwemo, na kazi yote ya kubandikana fosfeti huko ndani inavurugika. Wito unatolewa, mshipa hausogei. Juu ya hapo, mishipa mikubwa ya mguu nayo imekwisha kuwa myembamba. "Jambo zima bado linachunguzwa," alisema. "Jichoni, kwa mfano, sukari hiyo hiyo inafanya mishipa iote kupita kiasi. Kwa nini jicho lizidishe na mguu upunguze? Ningekuwa kijana ningelifuata swali hilo mpaka mwisho."

Macho yake yalikuwa yanang'aa. Alizungumza kama vile mguu ule ni wa mtu mwingine.

Nilimshonea bendeji kutoka kwenye mashuka ya mtumba yaliyochemshwa. Kila nilipompelekea nilimkuta na kioo cha kunyolea amekielekeza chini ya wayo, tochi mkono wa pili, anatafuta chembe nyekundu.

"Nyekundu ni habari njema," alikuwa akisema. "Nyekundu yenye chembechembe, kama ndani ya komamanga. Hiyo ni mishipa mipya. Angalia hapa pembeni, Fundi. Si nyekundu hii?"

Niliangalia. Ilikuwa kijivu.

"Kama nyekundu kidogo," nilisema.

Daktari wa hospitali alikuwa kijana mgeni mjini, mpole, na alisema mambo yake bila kuyazungusha. Mfupa umeshaingiliwa. Weusi umefika vidoleni na unapanda. Mguu ukatwe chini ya goti mapema, vinginevyo sumu itaingia kwenye damu na hapo hakutakuwa na la kukata. Mwalimu akabishana naye kuhusu vipokezi. Daktari akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, yote hayo ni kweli. Ndiyo sababu ninataka kukata."

Mwalimu akaomba muda, akarudi nyumbani.

Mama Haule akatuma ujumbe kwa dereva wa lori la Tunduru, na baada ya siku chache mkewe, tuliyemwita Mama Mwalimu, akashuka akiwa na tope mpaka magotini. Aliingia ndani, akasimama. Harufu ya kidonda ilimwambia kila kitu. Hakumgombeza. Aliketi kitandani, akaushika ule mguu, akaupakata.

"Kesho twende," alisema.

"Nipe wiki moja. Kuna mahali pekundu."

"Wapi?"

Akampa kioo. Mama Mwalimu akaangalia muda mrefu, akakilaza kioo kifudifudi juu ya shuka.

"Baba," alisema, "mimi naona mguu wa mtu anayekufa."

Mwalimu akageukia ukutani.

Asubuhi iliyofuata nilikuwa nimepeleka bendeji. Tulikuwa ndani sote watatu tuliposikia jembe. Tu, tu, tu.

"Nani analima uani kwangu?" Mwalimu aliuliza.

Mkewe akafungua mlango wa nyuma. Mama Haule alikuwa kando ya banda la kuku, kanga kajifunga kiunoni, anachimba.

"Mama Haule! Unafanya nini?"

"Nafanya kazi yangu, Mama Mwalimu. Nyie Wabena mnajua kuchimbua viazi tu, shimo la heshima hamliwezi." Akanyoosha mgongo, akapaza sauti ili ipite mlangoni. "Mbena! Njoo uchague mwenyewe, maana mimi sipendi kuchimba mara mbili. Hili hapa ni shimo la mguu. Fupi, nalimaliza kabla jua halijawa kali. Shimo la mtu mzima siliwezi, mgongo wangu mbovu, itabidi niite vijana, na vijana wa siku hizi bila soda hawashiki sepetu. Na soda zote umeshazimaliza wewe. Sema basi. Fupi au refu?"

Mama Mwalimu aliziba mdomo kwa mkono. Mtu mwingine yeyote angesema vile, angetolewa kwa fimbo. Lakini mtani humfukuzi.

Mwalimu alianza kucheka. Alicheka mpaka kitanda kikatikisika, halafu kicheko kikapinda, kikawa si kicheko tena. Tulimwacha. Jembe nalo lilinyamaza.

Alipotulia alijifuta uso kwa shuka. "Fundi, njoo hapa. Weka mgongo wa mkono wako kwenye wayo."

Niliweka. Ulikuwa wa baridi kama jiwe la mtoni.

"Panda juu polepole."

Nilipanda. Kwenye kifundo baridi, juu ya kifundo baridi. Katikati ya muundi pakaanza uvuguvugu. Karibu na goti palikuwa moto kama mtu yeyote.

"Kama ungekuwa mtihani," alisema, "ungejibu nini?"

Mitihani na mimi hatukuwahi kupatana. Nikajibu nilichoona tu. "Huku chini wanaita, hakuna wa kusikia. Huku juu wakiita wanasikia."

"Daktari akate wapi?"

"Pale panaposikia, Mwalimu. Ili pakikatwa, papone."

"Hizo ni alama zote," alisema. "Kidato cha nne ulikuwa wapi?"

"Alikuwa anaota magauni," Mama Haule alijibu kutoka mlangoni, jembe begani. "Na acha aote. Akiwa daktari nani atatushonea? Haya, Mbena, nimalizie lipi?"

"Fupi," Mwalimu alisema. "Malizia lile fupi."

Alikatwa siku mbili baadaye. Mguu ulirudi Mshangano umefungwa shuka, ukazikwa kwenye shimo lile kando ya banda, na Mama Haule akasimama juu yake akatoa hotuba. Alisema ulikuwa mguu wenye adabu, uliokuja kwake kila jioni kudowea togwa na haukuwahi kuvunja kikombe. Alisema umekufa kwa sababu mwenye nao alikuwa anaangalia mayai. Watu walicheka hadi wakashikana. Mama Mwalimu alicheka pia, huku machozi yanamdondoka, kisha akachukua chupa ya chai, chai isiyo na kitu, akaenda hospitali kumsimulia mumewe mazishi.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa kiangazi cha mwaka uliofuata. Alikuwa amepata uhamisho, anakwenda kuishi na mkewe Namasakata, kufundisha sekondari iliyokuwa inaanzishwa huko jirani. Alikuja Majengo kwa magongo, amekonda, suruali ya kushoto imekunjwa na kubanwa kwa pini. Mkononi alikuwa na suruali nyingine tatu.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Fundi. Nikatie hizi."

Nikamwambia nitazikunja kwa ndani, nizishone vizuri, pini isimchome.

"Usikunje. Ukikunja nitaonekana kama nasubiri." Akachukua chaki, akaweka alama mwenyewe kwenye kitambaa, mstari ulionyooka. "Kata hapa."

Nilishika mkasi, na mkono ukanigomea. Ilikuwa suruali ya kijivu, ile aliyokuwa akivaa darasani. Nilikuwa nimeiona ikiandika ubaoni miaka minne, maana sisi wa mbele tulikuwa tunaona zaidi suruali kuliko ubao.

"Fundi, yule daktari hakutetemeka."

Nikakata. Kipande kikaanguka chini, nikakisukuma kwa mguu chini ya cherehani. Nikazikata na nyingine, nikashona, na yeye akakaa kwenye kiti cha wateja akinywa maji. Nilipomaliza alichukua ile ya kijivu, akaugeuza mshono, akaupitishia kidole.

"Umenyooka kuliko wa daktari," alisema. "Ila wako utashikwa na uzi siku zote. Wa kwake nyuzi zilitolewa wiki ya tatu, na nyama ikabaki imeshikana yenyewe. Mishipa imepita kutoka upande huu kwenda upande huu. Nimeiangalia kwa kioo kila siku, Fundi. Mara hii ilikuwa nyekundu kweli."

"Hapo umedanganya kidogo?"

"Hapo hapana."

Alikwenda nyuma ya pazia ninapopimishia wateja. Nilisikia magongo yakigonga ukuta, nikamwuliza kama anahitaji msaada, akasema la. Alichukua muda. Kisha akatoka amevaa suruali ya kijivu, akasimama mbele ya kioo changu chenye ufa, akajigeuza upande mmoja na upande wa pili.

"Inakaaje?"

Nikarudi nyuma hatua kama ninavyofanya kwa kila mteja, nikaangalia kiuno, nikaangalia pindo la kulia, nikaangalia la kushoto.

"Inakaa vizuri, Mwalimu," nikamwambia, na ilikuwa inakaa vizuri.